Tawi la Hambaga Kando ya Barabara ya Thika

Mpango wa kufungua tawi la mkahawa wa hambaga Ruiru au Thika huanza na hesabu ya watu na magari. Watu wapo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika, wakiwemo wanafunzi wa vyuo na wapangaji wanaorejea jioni kutoka kazini Nairobi. Magari nayo yameongezeka tangu upanuzi wa barabara kuu ukamilike mwaka 2012. Kwa hesabu hizo, karatasi huahidi mengi: dirisha la kuhudumia madereva wakiwa ndani ya magari, uwanja wa watoto, maegesho, ajira kwa vijana wa mtaa, na milango kufunguliwa kabla ya Krismasi.

Ahadi hizo zina ukoo. Mtindo wa maduka ya hambaga yanayofanana kwa kila kitu ulianzia Wichita, Marekani, mwaka 1921. Mwaka 1948, ndugu wawili wa San Bernardino, California, walifupisha orodha ya vyakula, wakaondoa wahudumu wa kupeleka chakula kwenye magari, na mteja akawa anajiendea dirishani mwenyewe. Ramani ile ilichorewa kiwanja kipana chenye njia yake ya kuingilia. Hapa kwetu, kiwanja cha aina hiyo karibu na barabara ama kimeota ghorofa za kupangisha, ama bei yake haishikiki. Tawi basi huishia ghorofa ya chini ya jengo la mtu mwingine, na dirisha la madereva ndilo hufutwa kwanza, hata kabla mchanga haujamwagwa.

Ujenzi wenyewe huwa na sehemu mbili zisizokwenda kwa mwendo mmoja. Kaunta, taa na bango husimama upesi. Mpita njia huamini kazi imekwisha. Kinachochelewa ni kile asichokiona. Mafuta ya kukaangia hayaruhusiwi kuingia moja kwa moja kwenye bomba la majitaka, kwa hivyo lazima kichimbwe kishimo cha kuyanasa. Mashine za jikoni zinataka stima ya nguvu kuliko ile iliyovutwa kwa ajili ya duka la nguo. Halafu kuna bomba la moshi. Likipandishwa ukutani hadi juu ya paa, linapita madirisha ya vyumba vya kulala, na wapangaji wa ghorofa ya tatu, ambao hakuna aliyewauliza, wana haki ya kulalamika. Wakaguzi wa afya na wa moto nao hukagua kilichokwisha kufungwa. Wakipata kasoro, vigae vilivyobandikwa juzi vinabanduliwa.

Desemba haingoji. Kukosa mauzo ya sikukuu na kufungua Njaanuari ni hasara ambayo hakuna meneja anayeitaka, kwa hivyo mlango hufunguliwa kazi ikiwa nusu. Yanayoachwa hufanana kutoka tawi hadi tawi: choo cha wateja, mteremko wa kiti cha magurudumu, sehemu ya waendesha bodaboda kusubiri oda. Mteremko huwa wa mwisho, ingawa sheria ya mwaka 2003 kuhusu watu wenye ulemavu ilitaka majengo ya umma yaweze kuingilika.

Mteja wa miguu naye husahaulika. Anayeshushwa na matatu upande wa pili wa barabara atapanda daraja la waenda kwa miguu, ashuke, kisha afuate barabara ya pembeni, akikwepa pikipiki na dimbwi msimu wa mvua. Akifika, anapita katikati ya magari yaliyoegeshwa, kwa sababu kila gari lilichorewa nafasi yake ila yeye hakuchorewa njia. Sioni hila hapo. Waliopanga walimhesabu mwenye gari. Tena si haki kuwatwika yote: kijia cha kando ya barabara na mtaro si mali ya mpangaji, na hata akitaka kuvijenga huhitaji kibali cha wengine.

Gharama hukua kwa njia ambazo zingeweza kutabirika, isipokuwa moja: bei ya dola. Mashine nyingi huagizwa nje kwa dola, na mapema mwaka 2024 dola ilifika karibu Sh160 kabla ya kushuka hadi karibu Sh130 katika muda wa miezi michache. Aliyelipia jokofu Januari na aliyelipia Mei hawakununua kitu kimoja kwa bei moja. Viazi pia vina somo lake. Mwanzoni mwa 2022, chapa moja ya kigeni iliishiwa na vibanzi nchini kwa kutegemea viazi vya kuagizwa, huku wakulima wa Nyandarua wakiwa na vyao. Lakini kubadili si rahisi, kwani Shangi, aina inayopendwa sana sokoni, huchipua haraka ghalani.

Kubwa zaidi ni kodi. Huanza kuhesabiwa siku funguo zinapokabidhiwa, si siku hambaga ya kwanza inapouzwa, hivyo kila mwezi wa kungoja stima au cheti unalipiwa bila mapato. Dawa yake ni kuandika kwenye mkataba kwamba kodi ianze leseni ikitoka. Mwenye jengo ambalo ghorofa yake ya chini imekaa tupu mwaka mzima atalisikiliza ombi hilo. Mwenye wapangaji wanaopiga foleni hana sababu.