Kupangwa kwa Nafasi na Kupimwa kwa Kiwango

Tathmini ya utendaji ni utaratibu wa kupima kazi aliyoifanya mtu katika kipindi fulani. Zipo njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupima kwa kiwango: mtu hulinganishwa na lengo lililowekwa kabla ya kazi kuanza. Ya pili ni kupanga kwa nafasi: mtu hulinganishwa na wenzake, kisha hupangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Namna njia ya nafasi inavyofanya kazi

Njia hii ilipata umaarufu katika kampuni ya General Electric ya Marekani chini ya Jack Welch, aliyeiongoza kuanzia 1981 hadi 2001. Wasimamizi walitakiwa kuwagawa wafanyakazi katika mafungu matatu: asilimia 20 bora, asilimia 70 wa kati na asilimia 10 wa chini. Waliokuwa fungu la chini walikuwa katika hatari ya kuondolewa kazini. Baadhi ya kampuni kubwa za teknolojia zilitumia utaratibu wa aina hii. Microsoft ilikuwa mojawapo, na iliuacha Novemba 2013.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha minofu ya sangara mjini Musoma kina wakata minofu kumi. Lengo la kila mmoja ni kilo 300 kwa zamu, na wote wamelifikia. Kwa njia ya kiwango, wote kumi wamefaulu. Kwa njia ya nafasi, wawili wataitwa bora, saba wa kati na mmoja dhaifu. Aliyekata kilo 305 anaweza kuitwa dhaifu kwa kuwa wenzake wote wamekata zaidi ya hapo, ingawa amevuka lengo.

Faida za kupanga kwa nafasi

(a) Humzuia msimamizi kumpa kila mtu alama ya "vizuri sana" ili kukwepa lawama.
(b) Huwatambulisha wafanyakazi hodari, wakapewa zawadi au vyeo.
(c) Huweza kuamsha bidii kwa waliozembea.

Hasara zake

(a) Huua ushirikiano. Mkata minofu anayejua mbinu nzuri ya kunoa kisu hatamfundisha jirani yake, kwa kuwa jirani akipanda yeye atashuka.
(b) Watu hodari hukwepa kufanya kazi katika kundi moja, wakihofia mmoja wao kuangukia fungu la chini. Lawama hii ilitolewa dhidi ya utaratibu wa Microsoft.
(c) Hufungua mlango wa upendeleo, hasa tofauti kati ya watu inapokuwa ndogo.
(d) Huficha ukweli. Kundi dhaifu lazima litoe "bora", na kundi hodari lazima litoe "dhaifu".

Hali ilivyo Tanzania

Mwaka 2004 utumishi wa umma ulianza kutumia Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana pia kama OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo, wakayapitia katikati ya mwaka na kuyatathmini mwishoni. Hivyo muuguzi wa Bunda alitakiwa kupimwa kwa malengo yake, si kwa nafasi yake kati ya wauguzi wenzake. Siku hizi tathmini hufanywa kupitia mfumo wa kielektroniki uitwao PEPMIS.

Katika elimu, Januari 2023, Baraza la Mitihani (NECTA) lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha utaratibu wa kutaja shule bora na wanafunzi bora, likieleza kuwa hauna tija. Hata kabla ya hapo, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikwisha kukosoa katika Elimu ya Kujitegemea (1967) elimu inayokuza ubinafsi badala ya ushirikiano.

Mtihani wako unapima nini?

Alama za kidato cha nne ni za kiwango. A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. A ina pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Hujumlishwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu na 26 hadi 33 la nne.

Mtahiniwa mwenye B mbili, C nne na D moja ana pointi 4 + 12 + 4 = 20, yaani daraja la pili. Jirani yake akipata A saba, pointi hizo hubaki 20. Kwa hiyo anayemficha mwenzake notisi hapati hata alama moja zaidi. Anayemweleza mwenzake hesabu huirudia na kuielewa vizuri zaidi.

Ushindani huja baadaye, katika kugombea nafasi za kidato cha tano, ambazo ni chache. Lakini hapo unashindana na watahiniwa wa nchi nzima. Kumnyima msaada mwanafunzi mmoja wa dawati lako hakukuongezei nafasi ya maana.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kupima kwa kiwango na kupanga kwa nafasi.
2. Kwa nini mfanyakazi aliyefikia lengo anaweza kuitwa dhaifu? Toa mfano.
3. Mtahiniwa ana A moja, B mbili, C tatu na D moja. Tafuta pointi na daraja lake.
4. "Ushindani huongeza bidii." Jadili kwa hoja nne.