Laini yako inafungwa leo saa sita

Simu inaita asubuhi, wakati Soko la Wakulima mjini Nakuru limepamba moto na muuza vitunguu ana wateja watatu mbele yake. "Habari yako mama, unaongea na huduma kwa wateja. Laini yako imesajiliwa mara mbili, inafungwa leo saa sita." Kisha anamtaja kwa majina yake yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Hapo ndipo wengi hulegea.

Majina hayo si siri. Ukitaka kumtumia mtu pesa kwa M-Pesa, simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka, ili usije ukakosea namba. Tapeli huingiza namba yako, akasoma jina, akaghairi. Kinga yako imempa ushahidi, naye hajatumia hata shilingi.

Wenzake wanaowapigia wazee wa Uingereza na Marekani hujiita mafundi wa Microsoft, na hucheza mchezo uleule. Humwelekeza mzee afungue daftari ambamo Windows huandika matukio yake, lenye alama nyekundu za makosa. Alama hizo zimo katika kila kompyuta, hata iliyotoka dukani juzi. Anachoonyeshwa mzee ni kweli tupu, ila hakithibitishi lolote kuhusu anayepiga, sawa na majina ya mama wa vitunguu. Akili iliyoharakishwa haiachi nafasi ya kuuliza mambo hayo mawili yanahusiana vipi, na ndiyo maana laini hufungwa "leo saa sita" wala si mwezi ujao.

Baada ya hapo huja ombi: nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, namba ya siri. Ili kuona zinafanya kazi gani, ifahamike kwamba namba yako ya simu haikai ndani ya kadi ya simu. Kadi ina utambulisho wake wa tarakimu 15 (za Kenya huanza na 639) pamoja na ufunguo wa siri. Namba yako imeandikwa kwenye sajili ya kampuni: namba fulani, kadi fulani. Tapeli akizitumia taarifa hizo kumshawishi wakala kwamba yeye ndiye wewe na amepoteza simu, mstari mmoja wa sajili hubadilishwa, na kadi iliyo mkononi mwako huzimika pale pale. Mtandao ukikupotea ghafla huku majirani wote wanao, usingoje jioni ndipo uulize.

Ng'ambo ya msitu wa Mau, kwenye mpaka wa Narok na Bomet, kuna Mulot, mji mdogo ambao makachero wa DCI wameuvamia mara kwa mara wakiwasaka vijana wa kazi hii. Wakulima wa huko wamechoka kuulizwa kama nao wamo, na wana haki ya kuchoka.

Linalonishangaza zaidi ni jinsi uongo wenyewe unavyokuwa wa kizembe. Nani nchini hajapata ujumbe wa "ile pesa tuma kwa hii namba"? Lakini hesabu yake ni nzuri. Ukiutawanya kwa watu wengi, miongoni mwao atakuwepo aliyekuwa akijiandaa kumtumia mtu karo au kodi ya nyumba asubuhi ileile. Mwaka 2012, Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliandika kuhusu barua pepe za kitapeli na kusema kwamba uongo ulio wazi humfaa mwongo: wenye shaka hujiondoa mapema, wanabaki wepesi wa kuamini. Kumpigia mtu ni rahisi. Gharama ni zile dakika za kumbembeleza mtu ambaye mwishowe hatatoa kitu.

Ndiyo maana mwezi Novemba 2024 kampuni ya simu ya O2 ya Uingereza ilimtambulisha Daisy, bibi wa akili bandia, ambaye kazi yake ni kuwapigisha matapeli soga ndefu zisizo na mwisho. Nakuru wako wanaoifanya kazi hiyo kwa raha zao, wakitafuta miwani ambayo haipatikani. Mimi sishauri. Kadiri unavyoongea ndivyo unavyodondosha habari zako.

Kata simu, kisha upige wewe mwenyewe. Safaricom husema huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Ukibonyeza *100*100#, laini yako haitabadilishiwa kadi na wakala wa mtaani. Itakubidi ufike duka la kampuni. Pesa zikiwa zimekwisha kutoka, utume ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kabla ya kumpigia shemeji kulalamika, kwa sababu kuna mtu saa hiyo anakimbilia kwa wakala kuzitoa, na zikishakuwa noti mkononi mwake hakuna cha kurudisha.