Nyumba za Kupanga Butembo na Beni (2): Garanti Inayofunga Mlango

Juma lililopita tuliona jinsi vita vilivyojaza miji yetu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yamewatoa watu vijijini na kuwaleta Oicha, Beni na Butembo. Mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 walipochukua Kanyabayonga na Kirumba, wengine wakaja kutoka kusini mwa Lubero. Goma ilipotekwa Januari 2025, serikali ya mkoa nayo ikahamia Beni. Mkimbizi wa kijijini na mtumishi mwenye mshahara sasa wanatafuta chumba kilekile.

Kinachomshinda mkimbizi mara nyingi si kodi ya mwezi, ni garanti, yaani fedha ya dhamana anayomwekea mwenye nyumba kabla ya kuingia. Mtu aliyeacha shamba lake la kakao akipata vibarua anaweza kulipa mwezi kwa mwezi. Akidaiwa miezi sita kwa mpigo, na fungu la komisioneri, yaani dalali wa nyumba, juu yake, anarudi kulala sebuleni kwa shemeji.

Na sheria ipo! Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Fedha hiyo ni mali ya mpangaji. Akihama bila deni wala uharibifu, arudishiwe. Lakini kwa kuwa wengi hawaamini kwamba itarudi, huacha kulipa miezi ya mwisho ili waimalize wakiwa ndani. Mwenye nyumba, ambaye huenda ni mjane anayesomesha watoto kwa vyumba vyake viwili, naye anaona kitendo hicho na kumdai mpangaji ajaye zaidi. Simlaumu kwa hofu yake.

Dawa ninayoiamini ni mkataba wa maandishi. Kabla ya kupeana funguo, wote wawili wazunguke nyumba na daftari: kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea, bati juu ya chumba cha watoto linavuja, choo cha shimo kinatumiwa na familia tatu, na kikijaa atalipa nani. Watie sahihi mbele ya shefu wa kartie. Bila karatasi hiyo, bati litavuja mvua hadi mvua huku kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa. Naziomba komini zetu, kuanzia Bulengera hadi Mulekera, zibandike kifungu cha miezi 3 kwa Kiswahili na Kinande kwenye kila ofisi ya kartie.

Sehemu ijayo: viwanja vya miteremkoni.