Maili Moja ya Wapigaji: Vinara wa City ya London

Upande mmoja wapo wapigaji, upande wa pili wanaowazuia. Kiwanja ni City, kitovu cha fedha cha London. Vinara ni hawa.

1. Kiwanja kidogo, pesa kubwa

City ina kilomita za mraba 2.9 tu. Upange Mji Mkongwe wa Unguja mara tatu, umeimaliza. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi wapatao 8,600, watu ambao ukiwaketisha Uwanja wa Mkapa utadhani mechi imeahirishwa. Lakini walioajiriwa humo wanazidi 600,000: Mkapa iliyofurika, mara kumi!

2. Polisi wenye eneo dogo kuliko wote

City ina jeshi lake la polisi tangu 1839, na kwa ukubwa wa eneo ndilo la mwisho England na Wales. Hilohilo ndilo linaloongoza taifa zima kwenye kesi za utapeli, kosa linalochukua takriban manne katika kila makosa kumi huko. Ni kama kituo cha Kariakoo kikabidhiwe matapeli wa nchi nzima.

3. Mkoba mzito kuliko yote

Tarehe 2 Mei 1990, asubuhi, tarishi wa miaka 58 alikuwa akikatiza kichochoro cha City kwa miguu. Akatokea mtu na kisu, akaondoka na mkoba. Ndani zilikuwemo hati za fedha 301, karatasi pungufu ya rimu moja ya stationery. Thamani yake: pauni milioni 292! Nyingi zilikuwa za pauni milioni moja kila moja, na aliyeishika ndiye mwenyewe. Zilipatikana zote isipokuwa mbili. Mwaka huohuo Benki Kuu ya Uingereza ilianzisha mfumo wa kuhamisha umiliki wa hati za aina hiyo kwa kompyuta. Kichochoro kikapoteza mvuto.

4. Hasara kubwa ya mtu mmoja

Nafasi ya pili: Nick Leeson, pauni milioni 827. Alikuwa Singapore, wakubwa wake wa benki ya Barings wako City. Yeye ndiye aliyenunua na kuuza, na yeye ndiye aliyesimamia vitabu vya kile alichonunua na kuuza. Hasara akazificha kwenye akaunti namba 88888. Barings ilianzishwa 1762, miaka mia moja hivi kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam. Mwaka 1995 iliuzwa kwa pauni moja. Kwa leo, hiyo haifikishi safari kumi za daladala.

Nafasi ya kwanza: Kweku Adoboli wa benki ya UBS, 2011, dola bilioni 2.3. Uwanja wa Mkapa uligharimu dola milioni 56 hivi. Kwa bei hiyo ungejenga arobaini na chenji ikabaki. Aliingiza biashara za uongo zionekane zinakinga zile za kweli, mpaka mhasibu wa benki alipozidi kumbana kwa maswali. Alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Kwangu mimi, mhasibu huyo ndiye mchezaji bora wa orodha hii.

5. Kosa dogo kuliko yote

Mwaka 1873 ndugu wawili Wamarekani, Austin na George Bidwell, na wenzao waliikamua Benki Kuu ya Uingereza zaidi ya pauni 100,000 kwa hati za kughushi. Saini safi, mihuri safi. Ila hati mbili walisahau kuziandika tarehe. Benki, kwa adabu tu, ikazirudisha kwa waliodaiwa kuzisaini ili wajaze. Wakajibu hawazijui! Adhabu: kifungo cha maisha.

6. Fidia nene kuliko zote

Ile "tuma kwa namba hii" yetu, Waingereza nao wanaijua. Tangu 7 Oktoba 2024, aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe hurudishiwa hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku tano za kazi. Uhondo uko kwenye mgawanyo: nusu hulipwa na benki iliyotuma, nusu na benki iliyompokelea tapeli. Benki inayomfungulia akaunti yeyote anayebisha hodi sasa inasaga meno.

Na kuanzia 1 Septemba 2025, kampuni kubwa ambayo mtu wake amefanya utapeli kwa faida ya kampuni hiyo inaweza kushtakiwa kwa kutomzuia, hata kama bosi hakujua lolote. Faini haina kikomo. Utetezi ni kuonyesha kwamba taratibu za maana za kuzuia zilikuwepo.