Filamu na Karai la Mchanga: Zana za Kufundishia Hesabu na Sayansi

Mwalimu mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huwa na shauku ya kupeleka filamu darasani, ama kwa projekta ama kwa simu ya mkononi. Shauku hiyo ni njema. Lakini kabla ya kuwasha chombo, yampasa ajiulize: je, jambo hili wanafunzi hawawezi kuliona kwa macho yao wenyewe? Ikiwa wanaweza, filamu itawanyang'anya kazi iliyo yao.

Tuchukue wilaya ya Chunya, ambako dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Mtoto wa Makongolosi au Matundasi amekwisha kuona watu wakiosha mchanga kwa karai. Kumletea filamu ya kazi hiyo ni kumwonyesha kwao. Asichokijua ni sababu ya mchanga kutoka na dhahabu kubaki. Hiyo hufundishwa kwa karai lenyewe, maji, mchanga na nati kumi ndogo za baiskeli. Kila kikundi kioshe, kisha kihesabu nati zilizosalia. Chuma ni kizito mara 7.8 kuliko maji ya ujazo uleule, chembe za mchanga mara 2.6 hivi, na dhahabu mara 19.3.

Sasa picha ya ubaoni ina kazi. Chora mchemraba wenye upande wa sentimeta 10: hiyo ni lita moja ya maji, yaani kilo 1. Waambie wanafunzi wakisie na kuchora mchemraba wa dhahabu wenye uzito huohuo. Usiwape jibu upesi. Wagawanye 1000 kwa 19.3, wapate sentimeta za ujazo 52 hivi. Mara tatu kwa tatu kwa tatu ni 27. Nne kwa nne kwa nne ni 64. Basi upande wake uko kati ya sentimeta 3 na 4. Waukate kwa karatasi ngumu na kuuweka kando ya ule wa maji. Wataushangaa udogo wake, na mshangao huo una nguvu kuliko maelezo yetu marefu.

Filamu inayo nafasi yake pale jicho linaposhindwa. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Zebaki hupaa kuwa mvuke usio na rangi wala harufu, nao hudhuru ubongo na neva, hasa za watoto. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi migodini Tanzania, Chunya ikiwamo, na baadhi yao walishika zebaki kwa mikono. Mwalimu asithubutu kuleta zebaki darasani. Zipo filamu fupi ambamo mvuke huo humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno mbele ya kioo kinachong'aa. Kivuli chake huonekana kikipanda kama moshi. Hakuna zana nyingine ya shuleni iwezayo kuonyesha hilo.

Hata hivyo filamu haifundishi peke yake. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 wananchi walisikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Fanya vivyo hivyo hata kwa katuni za Kiswahili za hesabu na sayansi, kama Ubongo Kids iliyoanza mwaka 2014. Simamisha picha kabla ya jibu kutokea. Uliza: "Mvuke utakwenda wapi? Nani yumo chumbani?" Waandike makisio yao, kisha endelea.

Ikiwa chombo ni simu tu, usiwasonge wanafunzi hamsini mbele ya kioo kidogo. Waje wanane wanane, wengine wakiendelea kupima na kukata michemraba yao, kisha wapokezane.