Tabibu Aliyewatafuta Vipofu wa Kwale

Kusini mwa kivuko cha Likoni, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, liko neno moja ambalo limewafungia wazee wengi gizani. Neno lenyewe ni "uzee". Babu akipapasa ukuta, twasema uzee. Bibi akishindwa kuchagua mchele, twasema uzee. Nimelisikia barazani tangu utotoni, likitamkwa kwa upole, kana kwamba hapana la kufanywa.

Waama, mara nyingi si uzee mtupu, bali ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna kioo kipitishacho nuru. Umri ukisogea, kioo hicho huingia ukungu. Hakisafishwi kwa dawa ya matone wala kwa majani, na atiaye majani jichoni huenda akaliharibu kabisa. Tiba ni kupasuliwa: kioo kilichochafuka hutolewa, kikatiwa kingine cha plastiki, kazi ambayo kwa kawaida haitimizi saa moja. Harold Ridley alikitia kioo cha kwanza cha namna hii London mwaka 1949.

Ikiwa tiba ipo, mbona vipofu wangalipo? Swali hilo ndilo alilolishughulikia Daktari Helen Roberts, tabibu wa macho aliyeanzisha Kituo cha Macho cha Wilaya ya Kwale mwaka 1993. Angaliweza kukaa na vyombo vyake akangoja wagonjwa waje. Lakini asiyeona hawezi kujiendea hospitali, na aliyekwisha kata tamaa hamtumi mtu kumwulizia. Kwa hivyo kituo kilitoa watu wa kwenda vijijini kuwatafuta waliofifia macho, kuwaeleza maradhi yao na kuwaondolea hofu ya kisu.

Huo, kwa maoni yangu, ndio uongozi wa tabibu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na daktari mmoja, awe hodari namna gani, hawezi kuimaliza wilaya nzima bila ya watu wa kumletea wagonjwa.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na wenzake walizindua kampeni ya kuondoa upofu unaozuilika ifikapo 2020. Mwaka huo umepita, na mtoto wa jicho bado anapofua watu. Kinachokosekana si ujuzi, ni njia ya kuufikia. Nauli ni mzigo, na anayesindikiza huacha shamba au ngalawa yake. Uchunguzi uliofanywa Afrika na Asia umeonyesha kwamba wanawake hupasuliwa mtoto wa jicho kwa uchache kuliko wanaume. Sisi wa huku hatushangai. Mama husema, "Hizo pesa wasomesheni watoto, mimi nimeshakula chumvi nyingi." Nasi twamkubalia upesi mno. Tusisahau kwamba mjukuu ashikaye ncha ya pili ya mkongojo, akimwongoza bibi yake asubuhi, darasani hayupo. Basi giza la mmoja huwa la wawili.

Wako watakaosema ni kadari, tusubiri. Subira ni jambo jema, lakini chuoni tulifundishwa pia kwamba kila maradhi yana dawa yake, na kusubiri si kuiacha dawa iliyo karibu.

Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya serikali za kaunti. Ni haki yetu kuiuliza kaunti ya Kwale, kila bajeti inaposomwa: ni kiasi gani kimetengwa kwa macho, na ni nani atakayekwenda kijijini kumtafuta asiyeweza kuja?

Lakini bajeti haimtazami mzee usoni. Kazi hiyo ni yetu. Ukimwona mzazi wako anakosea mlango, au mboni yake imeingia weupe, usiseme uzee. Mpeleke akapimwe.