Wayahudi wa Kenya Ni Wachache Sana: Hivi Ndivyo Wanavyojishikilia Wakati Mambo Ni Ngori

Kama unaishi Ruiru, bendera ya Israel si kitu ngeni kwako. Utaiona kwa stika ya mat, kwa ukuta wa kanisa la mabati, hata kwa shingo ya pasta akihubiri. Lakini hebu jiulize: ushawahi kutana na Myahudi mwenyewe? Si wa Biblia. Yule anakwama kwa jam ya Thika Road na kulia bei ya unga kama wewe.

Wako. Ni mia kadhaa tu nchi nzima, na tangu 7 Oktoba 2023 wamekuwa na wakati mgumu. Ukielewa shida zao, utaelewa pia mbona hii stori inakuhusu.

Walifika aje hapa?

Aprili 1903, mjini Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi, Wayahudi 49 waliuawa kwa ghasia. Mwaka huo huo waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, akaja na ofa: Wayahudi wapewe ardhi Uasin Gishu, zile pande za Eldoret. Watu huuita mpango wa Uganda, lakini shamba lenyewe liko Kenya ya leo. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka wa 1905, mkutano wa Wazayuni wenyewe ukaikataa ofa hiyo.

Hata hivyo, familia chache zilikuja. Jumuiya ya Nairobi ilianza 1904, na sinagogi ya kwanza ikafunguliwa 1913. Ukishuka tao na utembee hadi kona ya University Way na Uhuru Highway, utapata sinagogi yao ya leo hapo, karibu na chuo kikuu. Usishangae ulinzi kwa geti. Utajua sababu hapo chini.

Shida ya kwanza: kulipishwa deni la mwingine

Siku ile ya 7 Oktoba, Hamas waliua watu karibu 1,200 nchini Israel na kuteka wengine karibu 250. Kati ya waliouawa walikuwa Watanzania wawili, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, vijana waliokuwa wameenda kusomea kilimo. Vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza.

Kulia kwa ajili ya Gaza si chuki. Kukosoa serikali ya Israel pia si chuki, na kuna Wayahudi wengi wanaikosoa kila wiki. Shida inaanza pale msee anatoa hasira yake kwa serikali ya mbali na kuishusha kwa familia ya Nairobi ambayo haikupiga kura huko na haikurusha bomu.

Kenya tunajua hii kitu inaishianga wapi. Tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililipuka Norfolk Hotel, iliyokuwa ya familia ya Block, Wayahudi wa Kenya. Wengi waliliona kama kisasi kwa sababu Kenya ilisaidia Israel wakati wa operesheni ya Entebbe mwaka wa 1976. Watu karibu 20 walikufa wakisubiri mwaka mpya. Halafu 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise pale Kikambala ikalipuliwa. Waisraeli watatu waliuawa. Wakenya? Kumi. Mtu akitafuta Myahudi wa kuua, anayebeba jeneza mara nyingi ni jirani.

Na hii kulipishana si ya Wayahudi peke yao. Aprili 2014, kwa operesheni ya Usalama Watch, watu wengi, hasa Wasomali, walishikwa na kupelekwa uwanja wa Kasarani juu ya mashambulizi ambayo hawakufanya. Huo uwanja unaupita kila siku ukienda job.

Shida ya pili: kutafuta mtu wa kumi

Kwa Wayahudi, kuna maombi ambayo hayawezi kusomwa bila watu wazima kumi. Hilo kundi linaitwa minyani. Jumuiya zingine zinahesabu wanaume pekee, zingine zinahesabu wanawake pia. Hata maombi ya kumkumbuka mzazi aliyekufa yanahitaji hao kumi.

Ukiwa New York, kumi ni rahisi. Ukiwa Nairobi, familia moja ikihama au watatu wakiogopa kutoka nyumbani, hesabu imeharibika. Kwa hivyo hofu haiwaumizi kwa roho tu. Mtu akikaa nyumbani, kuna mwenzake atakosa kumuombea babake.

Shida ya tatu: "We si Myahudi wa ukweli"

Nenda Kasuku, Nyandarua. Kuna jumuiya ndogo ya wakulima Wakikuyu ambao ni Wayahudi. Walitoka kwa kikundi cha Kikristo kilichofuata mila za Kiyahudi, wakaamua kuishika dini yenyewe. Wanashika Shabati: kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, hakuna kazi ya shamba.

Hawa wanabanwa pande mbili. Majirani wanashangaa wameacha kanisa kwa nini. Na huko nje kuna wanaowaona tu kama wageni. Desemba 2017, kiongozi wao kijana alifika Israel kwenda kusoma, akiwa na visa mkononi, lakini akazuiliwa airport na kurudishwa. Hebu fikiria: unabeba hatari ya kuitwa Myahudi, halafu mlango wa Wayahudi unafungiwa usoni.

Sasa, ni nini inawashikilia?

Jibu poa liko Mbale, Uganda. Mwaka wa 1919, jemadari Semei Kakungulu alianzisha jumuiya inayoitwa Abayudaya. Idi Amin alipochukua nchi 1971, akapiga marufuku dini yao. Waliomba kwa kujificha. Wengi waliacha, na kutoka maelfu wakabaki karibu 300. Amin alianguka Aprili 1979, na jioni ya 11 Aprili ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilianza, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Leo wako tena maelfu, na rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa mbunge 2016.

Hao 300 hawakuwa na jeshi wala doh. Walikuwa na mambo waliyokataa kuacha, na mawili utayatambua hata kwa lugha.

La kwanza ni pikuah nefesh, yaani kuokoa uhai. Hilo neno nefesh ni ndugu ya nafsi yetu. Sheria yao inasema ukiweza kuokoa maisha, karibu amri zote zingine zinasimama kando, hata Shabati. Unapiga simu, unaendesha gari, unamfikisha mgonjwa hosi. Na haiulizwi mgonjwa ni wa dini gani.

La pili ni tsedaka. Inafanana na sadaka, lakini mzizi wake ni haki. Kwao, kumpa asiye nacho si huruma ya siku ukijiskia. Ni deni, na hata anayepokea msaada anatarajiwa atoe kidogo.

Kisha kuna kahawa, na hapa msee wa Ruiru unaelewa, juu mti wa Ruiru 11 ulizaliwa kwa kituo cha utafiti hapo kwenu. J. J. Keki, mkulima wa Abayudaya, alikuwa New York 11 Septemba 2001 na akaona shambulio kwa macho yake. Alirudi Mbale, na mwaka wa 2004 akaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Aliona dini ikitumiwa kuua, akaamua majirani wa dini tatu wauze kahawa kwa gunia moja.

Na wewe uko wapi hapo?

Siku stori za Gaza na Israel zitachemka tena kwa base, na zitachemka, shika upande unaona ni wa haki na uutetee. Lakini mbogi ikianza kusema "hao Wayahudi wote", au "hao Waislamu wote", ama kabila fulani "wote", uliza swali moja: huyu jirani yetu alifanya nini, yeye mwenyewe? Kama jibu ni hakuna, basi hadai wala hadaiwi. Na kesho akitishwa, asibaki akijitafutia mtu wa kumi peke yake.